Treni ya Mama Usiguse

Kochi la Mama Usiguse lilikuwa limefikia umri wa kuoa na kuanza maisha yake, na bado lilikuwa halijakaliwa likiwa wazi hata siku moja. Lilitoka dukani limevaa nailoni, likaingia sebuleni na nailoni yake, likazeeka nayo. Mume wa Mama Usiguse, dereva wa lori aliyestaafu, alikuwa amemaliza ujana wake juu ya kiti kilichochanika mpaka springi zikawa zinamsalimia kila penye tuta. Alistaafu akiwa na ndoto moja tu duniani: akae kwenye kochi lake. Akakaa. Kabla hajashusha pumzi ikaja sauti kutoka jikoni, "Wee! La wageni hilo!" Tangu siku hiyo mzee wa watu anakaa kwenye kigoda pembeni ya kochi, kama askari aliyewekwa alilinde lisitoroke.

Wageni wenyewe hawakuwa na raha zaidi yake. Siku za joto waliganda. Mgeni akitaka kuaga ilibidi avutwe mikono, na alipobanduka ulisikika mlio ambao jirani wa ukuta wa pili alidhani watu wanagombea shuka. Rimoti ya televisheni nayo ilivikwa nailoni mara mbili, vitufe havionekani wala havibonyezeki, kwa hiyo nyumba nzima ilitazama stesheni moja miaka nenda miaka rudi. Mumewe alimjua mtangazaji wa stesheni ile kuliko alivyomjua ndugu yake. Mtangazaji akiwa na mafua, mzee alilala na wasiwasi.

Jina la Mama Usiguse alipewa na wifi yake, dada wa mumewe, fundi cherehani aliyeishi chumba cha nyuma na mwenye mdomo unaokata vizuri kuliko mkasi wake.

Basi huyu ndiye mwanamke ambaye mji wote ulimchagua akasafishe treni mpya.

Kusema kweli mji haukumchagua. Ulimchukua kibarua, kama walivyomchukua wengine kabla yake. Alikuwa kibarua maisha yake yote. Alideki hospitali, hospitali ikang'aa, wakamwambia ahsante mama tutakuita. Alifagia uwanja wa mpira, akapangusa vioo vya ghorofa ndefu mpaka ndege wakawa wanajigonga, wakamwambia ahsante mama tutakuita. Kuitwa hakuitwa. Lakini kilichomuuma zaidi ni mageti. Kila asubuhi, kila alikofanya kazi, mlinzi alimsimamisha. "Mama, unakwenda kwa nani?" Mlinzi amekanyaga zulia ambalo mama huyo huyo alilifua jana kwa mikono yake, anamuuliza anakwenda kwa nani! Wengine walipita wamening'iniza vitambulisho shingoni, hawaulizwi, na mlinzi anawapigia saluti. Mama Usiguse alitaka kitu kimoja tu kabla hajazeeka kabisa: kazi ya kudumu, na kitambulisho chenye picha yake na kamba ya shingoni, apite getini akiwa anatazama mbele.

Na treni ikamletea nafasi.

Sasa hiyo treni yenyewe. Iliitwa treni nyepesi, ya umeme, ya kupita katikati ya mji, na uzinduzi wake ulikuwa mwezi ujao. Ulikuwa mwezi ujao tangu siku jiwe la msingi lilipowekwa. Watoto waliobebwa mgongoni siku ile wakakua, wakaanza kunyoa ndevu, na shuleni walifundishwa kwamba mji wao una treni, wakajibu hivyo kwenye mtihani wakapata. Reli zilikuwepo, hilo huwezi kulikataa. Akina mama walianika nguo kwenye uzio wake. Kuku walitaga katikati yake. Ukingo wa barabara ukapakwa rangi nyeupe na nyeusi kutoka mwanzo wa njia mpaka mwisho, wakakumbuka wamesahau mabomba, wakachimba, wakazika mabomba, wakapaka tena. Na maua! Maua ya kwenye vyungu yalinunuliwa ya kituo kimoja tu, lakini kila kamati ya ukaguzi ilipoingia kwenye magari, maua yalipakiwa kwenye pikapu yakapitishwa uchochoroni, kamati ikifika kituo kinachofuata inayakuta yanaisubiri yamemwagiliwa. Yale maua yalikuwa yamesafiri njia ile kuliko treni. Kuna mjumbe wa kamati aliyesema ameshangazwa na jinsi mji ulivyoweza kupata maua yanayofanana hivyo, mpaka jani lililoliwa na mdudu liko mahali pale pale.

Karakana ya treni ilikuwa nyuma ya soko, banda kubwa la mabati lenye joto la kuivisha tofali. Humo ndani wanawake wa usafi walipangwa mstari, na Msimamizi akawahutubia. Msimamizi alikuwa mwanamume mwembamba mwenye redio ya mkononi ambayo hakuna aliyewahi kusikia ikimjibu. Miwani yake ya jua ilikuwa bado na kibandiko cha dukani kwenye kioo kimoja, kwa hiyo jicho moja liliona dunia na lingine liliona bei.

"Kila mmoja na behewa lake," alisema. "Siku ya uzinduzi napita behewa moja moja. Atakayekuwa hana doa, hana mkwaruzo, anaajiriwa. Ajira kamili. Kitambulisho, sare, kila kitu. Atakayekuwa na doa, ndoo aiache pale mlangoni, aende kwao salama. Mama, wewe shika la mbele. La mgeni rasmi."

Mama Usiguse alisikia neno kitambulisho, mengine yakapita juu ya kichwa kama ndege.

Behewa la mbele lilikuwa zuri, usipime. Viti vyake viliwekwa mgongo ukutani, virefu kama mabenchi ya kungojea daktari, vya bluu ya kuumiza macho. Na juu ya hiyo bluu, kuanzia kiti cha kwanza mpaka cha mwisho, kiwanda kilikuwa kimebandika nailoni laini kwa gundi nyepesi. Mama Usiguse alipoiona alijisikia yuko nyumbani.

Fundi mkuu, dada mmoja mwenye kofia ngumu na kalamu sikioni, alipita akamkuta anaipangusa nailoni kwa kitambaa kibichi.

"Mama, hiyo inabanduliwa."

"Ibanduliwe iende wapi, mwanangu?"

"Itupwe. Ni ya safarini tu, ya kutoka kiwandani. Ikikaa sana kwenye joto hili itagandamana na kiti, haitatoka tena."

"Kitu kipya ukibandue nailoni kabla hakijatumika?"

"Ndiyo, ili kitumike."

Mama Usiguse alimtazama yule dada kama mtu anayemtazama mtoto anayetaka kuosha saa kwa maji. Akaenda kwa Msimamizi.

Sasa, Msimamizi naye alikuwa na gari, na viti vya gari lile vilikuwa na nailoni tangu siku ya kwanza. Mkewe aliwahi kuteleza kutoka kiti cha mbele akaishia chini ya dashibodi, na Msimamizi alisimamisha gari kwanza akaangalie kama nailoni imechanika. Meya aliyemwajiri Msimamizi alikuwa na kiti cha ofisini kilichovikwa nailoni, na kila akigeuka kuchukua simu kiti kililia kama paka. Kwa hiyo suala la Mama Usiguse lilifika kwa watu wanaoelewa.

"Iache kwanza," Msimamizi alisema. "Tutaibandua asubuhi ya uzinduzi."

"Umesema wewe, bosi."

"Nimesema mimi. Huyo fundi anajua mota. Usafi ni mimi na wewe."

Wenzake walimsikiliza fundi mkuu, wakabandua. Walijuta. Maana zikaanza kamati. Ikaja kamati ya kukagua, ikaja kamati ya kukagua ukaguzi, ikaja kamati ya kuwashukuru waliokagua. Wote walikaa, wote walipewa soda, na wote walikuwa na mikono inayotetemeka. Chupa zilimwagika, bazoka zilizotafunwa zilibandikwa chini ya viti na watu wazima wenye tai, na mjumbe mmoja alipumzika akiwa na kalamu ya wino isiyo na kifuniko mfukoni. Behewa la pili likawa na doa lenye umbo la nyonga yake. Mwanamke wa behewa la pili akaacha ndoo mlangoni, akaenda kwao salama. Wa behewa la mwisho akafuata. Mama Usiguse akapangusa nailoni yake kwa kitambaa, soda ikatoka, wino ukatoka, akakunja mikono.

Baada ya kamati yakaja magunia. Wahandisi walisema treni haiwezi kubeba watu kabla haijabeba uzito wa watu, basi magunia ya mchanga yakapandishwa, moja kila kiti, yakaanza kusafiri mjini huku wananchi wamesimama kwenye uzio wanayatazama. Yalipelekwa yakarudishwa, yakapelekwa yakarudishwa, mpaka walinzi wa vituo wakawa wanayapungia mkono. Wakubwa waliyapenda mno magunia yale. Yalikaa wima. Hayakusukumana, hayakuuliza tunachelewa kwa nini, hayakuandika barua gazetini. Inasemekana kwenye mkutano mmoja kiongozi alisema kwa uchungu kwamba mji ungekuwa na raia kama wale, ungeshaendelea zamani.

Mama Usiguse yeye hakuyapenda. Yalivuja. Kila jioni alikuta mchanga sakafuni, akaufagia, na kila asubuhi akayatandikia magazeti, akiyasema gunia kwa gunia. "Wewe wa dirishani, jana umenimwagia tena. Leo utajua hujui."

Nyumbani wifi yake hakumpa nafasi ya kupumua. Alikuwa na cherehani yake barazani, mguu kwenye kanyagio, sindano mdomoni, na bado maneno yalipita pembeni ya sindano.

"Wifi, hiyo treni yenu inazinduliwa lini? Niambie mapema nijue, nishone gauni au nishone sanda."

"Shona vyote, mwanamke mdomo. Utavaa cha kwanza kitakachohitajika."

"Na hicho kitambulisho, watakupiga picha na nailoni usoni?"

"Siku nikikivaa utanisalimia kwa heshima."

"Nitakupigia magoti, wifi yangu. Ila nawe ukikipata hicho kitambulisho usije ukatusahau sisi wa huku nje ya geti."

Mumewe pale kigodani alijikausha. Dereva mzoefu anajua pa kutopita.

Halafu siku moja, pasipo mtu kutegemea, mwezi ujao ukafika. Tarehe ikatangazwa, mabango yakabandikwa, kuku wakahamishwa, nguo zikaanuliwa kwenye uzio, na maua yakapewa likizo katika kituo cha mwanzo. Asubuhi ya uzinduzi Msimamizi alikuja mbio na redio yake sikioni.

"Mama! Nailoni itoke sasa hivi! Mgeni rasmi yuko njiani!"

Mama Usiguse akapiga goti kwenye kiti cha kwanza, akashika ncha ya nailoni kwa kucha, akavuta. Haikuja. Akavuta kwa nguvu. Ikaja kipande cha ukubwa wa kiganja, na ile bluu ikaja nayo. Pale palipobanduka pakabaki peupe, pakavu, pananata. Akajaribu pembeni yake, hivyo hivyo. Kiti cha mgeni rasmi kikawa kama kichwa cha mtoto mwenye mapunye.

Lile joto la mabati lilikuwa limefanya kazi yake kimya kimya, kama yule dada wa kofia ngumu alivyosema. Akiendelea kubandua, behewa zima litakuwa mapunye, na ndoo inamsubiri mlangoni. Akiacha, Msimamizi atauliza. Nje bendi ilikuwa imeshaanza kujaribu tarumbeta.

Mtu mwingine angelia. Mama Usiguse alivirudishia vile vipande viwili mahali pake kwa mate, akachukua sabuni ya maji, akaichanganya na nta ya kung'arishia sakafu, akaanza kusugua nailoni kutoka mwanzo wa behewa mpaka mwisho. Alisugua kama mtu anayefuta dhambi. Alipomaliza, viti viling'aa hivi kwamba nzi aliyejaribu kutua aliteleza akaanguka chali.

Msimamizi akachungulia mlangoni kwa lile jicho lenye bei.

"Imetoka?"

"Si unaona vinavyong'aa?"

Msimamizi aliona vinavyong'aa. "Safi kabisa, mama," akasema, akakimbilia kupanga maua.

Hotuba zilikuwa za kawaida, yaani hazikuisha. Aliyesimama alimkaribisha mwenzake, mwenzake akamkaribisha wa tatu, na wa tatu akaomba dakika moja ambayo ilikuwa na watoto na wajukuu. Kivuli cha turubai kiliwahama wakubwa kikaenda kwa wananchi wakati hotuba ya Meya haijafika katikati, ikabidi turubai ling'olewe likifuate. Mwishowe utepe ukakatwa, kwa mkasi usiokata, na wakubwa wakaingia behewa la mbele wakiwa wamelowa jasho. Mgeni rasmi alikaa katikati. Kulia kwake Meya, kushoto kwake mwenyekiti wa kamati ya kushukuru, na wengine wakapangana kwenye benchi ile ndefu mpaka mwisho. Mama Usiguse alisimama kwenye kona na kitambaa chake.

Treni ikaondoka. Kwa hilo lazima tuseme ukweli: iliondoka vizuri, kama maziwa yanavyomiminwa. Watu wa nje wakapiga vigelegele. Mgeni rasmi akapunga mkono dirishani.

Lakini dereva alikuwa hajawahi kuendesha kitu kingine zaidi ya magunia, na magunia hayalalamiki. Kituo cha pili kilipotokea akafunga breki kama alivyozoea.

Treni ilisimama. Wakubwa hawakusimama. Benchi nzima iliondoka kwa pamoja, kimya, kwa heshima, kila mtu bado amekaa wima na mkono wa kupunga uko juu, wakateleza kama sahani kwenye meza iliyolowa. Walipofika mwisho wa benchi walirundikana kwenye mlango wa dereva, kamati ya kushukuru chini, Meya katikati, mgeni rasmi juu. Dereva aliposikia kishindo akadhani amesimama vibaya, akaondoa treni tena kwa kasi, na wote wakarudi walikotoka mpaka nyuma kabisa, wakapanga mrundiko wa pili. Safari hii Meya ndiye aliyekuwa juu, na inasemekana ndiyo siku pekee aliyowahi kumpita mgeni rasmi.

Treni ilipotulia mgeni rasmi alikuwa sakafuni ameshika nguzo kwa mikono miwili. Hakuna aliyethubutu kucheka. Alipapasa kiti, akanusa vidole vyake.

"Nani anahusika na viti hivi?"

Vidole vyote vikamwendea Msimamizi. Kidole cha Msimamizi kikaenda kwenye kona.

"Mama," alisema mgeni rasmi, "mbona viti vina nailoni?"

"Ni vipya, mheshimiwa."

"Sasa vikiwa vipya?"

"Visichafuke."

"Visichafuliwe na nani?"

Mama Usiguse alitazama mrundiko ule wa suti, tai zilizopinda, kiatu kimoja cha Meya kilicholala peke yake mwisho wa behewa. Uongo haukumjia.

"Na nyinyi, mheshimiwa."

Msimamizi alianza kuzungumza na redio yake kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba dua. Fundi mkuu, aliyekuwa amepanda nao, alijitokeza akaeleza kwamba nailoni imegandamana, itahitaji maji ya moto na subira, na kwamba kwa sasa sabuni ifutwe tu watu wasife. Mgeni rasmi akainuka, akajikung'uta.

"Kesho wananchi wanaanza kupanda," alisema. "Jioni namtuma mtu wangu. Akikuta behewa hili halina doa, mama aajiriwe. Akikuta uchafu, mama aende, na aliyemwacha na nailoni aende naye." Akamtazama Msimamizi mpaka kibandiko kwenye miwani kikataka kudondoka chenyewe.

Siku ile Mama Usiguse alifuta sabuni yote kwenye nailoni, lakini hakula. Wananchi! Kamati zilikuwa na viatu vya ofisini, vinavyotoka kwenye zulia kwenda kwenye gari. Wananchi wanatoka sokoni, wanatoka machimbo ya mawe, wanatoka kwenye matope yale ya mabomba yaliyozikwa mara mbili. Alikaa jikoni anatazama ndoo yake kama mtu anayeagana na rafiki. Akashindwa kupata dawa.

Kesho yake asubuhi kituo cha mwanzo kilifurika. Mlango wa behewa la mbele ukafunguka, na wa kwanza kabisa kutaka kuingia alikuwa fundi ujenzi mwenye mabuti yaliyobeba nusu ya uwanja wa kazi. Mguu wake ulikuwa umeshainuka. Mama Usiguse akauona ule mguu, na maneno yakamtoka bila kuyaita.

"Vua viatu!"

"Unasemaje, mama?"

"Vua viatu. Pamedekiwa."

"Mama, hii treni au sebule?"

"Kwenu ukikuta pamedekiwa unaingia na mabuti?"

Fundi ujenzi akafungua mdomo abishane, lakini miguu ilikuwa imeshatii kabla ya akili. Ukimwambia mtu mzima mlangoni kwamba pamedekiwa, kuna kitu alichowekewa na mama yake kinachoinama chenyewe. Akavua. Akayapanga mabuti vizuri pembeni ya mlango, ncha zimetazama nje, akaingia kwa vidole. Aliyemfuata akavua. Wa behewa la pili walipochungulia wakaona wa mbele wanavua, nao wakavua, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuonekana hakulelewa. Karani mmoja alivua mpaka soksi. Kufumba na kufumbua jukwaa lote la kituo lilikuwa limepangwa viatu jozi kwa jozi, kama mlango wa nyumba yenye harusi, na treni nzima iko peku.

Milango ikajifunga. Treni ikaondoka.

Ilikuwa safari nzuri. Watu walisifu ulaini wa sakafu. Walikuwa wamepita kituo cha pili, ambako nako wapandaji walipochungulia waliona kila mtu peku na wao wakaacha vyao nje, ndipo sauti ya mwanamke ikauliza katikati ya behewa, taratibu, kama mtu anayeuliza kuhusu msiba:

"Jamani. Viatu vyetu viko wapi?"

Mwenye sauti alikuwa wifi. Amevaa gauni lake jipya, maana gauni ndilo lililohitajika kwanza, na viatu vya kisigino alivyovinunua kwa ajili ya siku hiyo vilikuwa vinamsubiri kituo cha mwanzo.

Fundi ujenzi akatazama vidole vyake vya miguu. Karani akatazama dirisha. Kila mtu akamtazama Mama Usiguse, naye akatazama sakafu, ambayo ilikuwa safi kama sahani.

Kituo cha mwisho jua lilikuwa limeshaiva. Walioshuka waliruka ruka juu ya zege kama punje kwenye kikaango, wakarudi ndani ya treni hiyo hiyo kufuata viatu. Walipofika kituo cha mwanzo wakakuta mlinzi ameona viatu vinaharibu sura ya kituo, amevipakia kwenye pikapu ya maua, na pikapu kwa mazoea imekwenda kuvishusha kituo kinachofuata. Wakapanda tena. Pikapu ilikuwa imeshachanganya vya kila kituo: wa kituo cha pili walikuwa wanakwenda cha nne kufuata vyao, wa nne wanakuja cha pili. Kutwa nzima treni ilijaa, kwenda imejaa, kurudi imejaa, watu peku wamesimama bega kwa bega wanaulizana namba za miguu. Waliopanda asubuhi kwenda kazini walikuwa bado wamo jioni. Kuna mchumba mmoja alipatikana mle ndani, na watu wanasema na talaka moja pia.

Jioni mtu wa mgeni rasmi akaja. Akapita behewa la mbele ameinama, akapitisha kidole chini ya kiti, akakitazama kwenye mwanga. Hakuna doa. Hakuna hata chembe. Akauliza idadi ya abiria, na Msimamizi, ambaye hajawahi kukosa jibu linalompendelea, akasema kwamba wananchi wameipenda treni kiasi kwamba wanapanda, wakifika wanapanda tena, hawataki kushuka. Habari zikasomwa televisheni siku hiyo hiyo. Wataalamu wakaalikwa kueleza mafanikio. Mmoja alisema ni elimu ya uraia, na mwingine akasema ni bei ya mafuta. Miji mingine ikaomba kuja kujifunza.

Na Mama Usiguse akaajiriwa. Kazi kamili, ya kudumu. Maana vilibaki viatu vya kujaza chumba, na chumba kilikuwepo, pale pembeni ya ofisi ya Msimamizi, chenye dirisha dogo la vioo na meza, kilichojengwa kwa ajili ya vitu vilivyopotea wakati hakuna aliyekuwa amepoteza kitu. Wakampa ufunguo, wakampa sare, wakampiga picha. Siku ya kwanza alipita getini kitambulisho kinabembea kifuani, anatazama mbele. Mlinzi akanyanyuka akampigia saluti. Alirudi nje akapita tena.

Siku hiyo, jua limeshaanza kushuka, dirisha likagongwa. Wifi alikuwa nje, uso umekunjamana, mguu mmoja umevaa kiatu chake cha kisigino na mwingine umevaa buti la fundi ujenzi.

"Wifi yangu, nakiona kiatu changu kile pale, nyuma yako, rafu ya juu. Hebu nipe niende."

Mama Usiguse hakugeuka. Alinyoosha kamba ya shingoni ikae katikati, akatazama saa ya ukutani, akavuta pazia la dirisha polepole.

"Njoo kesho, mama. Saa za kazi."